Ndugu Akishika Silaha, Nani Amshike Mkono?

Tarehe 2 Aprili 1965 Lester Pearson, Waziri Mkuu wa Kanada, alikuwa Philadelphia kupokea tuzo ya amani katika Chuo Kikuu cha Temple. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Marekani ianze kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mabomu mfululizo. Pearson alipoligusia suala hilo hakulaani chochote. Kwanza aliisifu nia ya Marekani, kisha akashauri kwamba mabomu yakisimamishwa kwa muda, wakati utakapokuwa muafaka, huenda Hanoi ikapata mwanya wa kuja mezani bila kuonekana imepiga magoti. Ukiyasoma maneno hayo leo utayaona ya mtu mpole kupita kiasi. Lakini aliyasema hadharani, tena kwenye ardhi ya mwenye vita.

Kesho yake alialikwa Camp David kula chakula cha mchana na Rais Lyndon Johnson. Balozi wa Kanada mjini Washington, Charles Ritchie, alikuwapo na ameyaandika aliyoyaona. Wakati wa kula, Rais alishughulika zaidi na simu. Hatimaye Pearson mwenyewe akauliza mwenyeji wake ameionaje ile hotuba. Johnson akamjibu kuwa ilikuwa mbaya, akamtoa barazani, akaanza kumfokea huku akirusha mikono, mpaka ikafika hatua ya kumkunja shati kifuani. Inasimuliwa pia kwamba alimwambia amekuja kukojoa kwenye zulia lake. Huyu anayekunjwa shati alikuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1957.

Tusiharakishe kumcheka Johnson, kwa kuwa hoja yake ina wafuasi wengi hata kwetu. Mshirika, alidhani, ana haki ya kusema lolote faraghani, ila akilisema sokoni anampa adui silaha. Mwezi Februari mwaka huohuo Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alimpigia simu usiku akitaka kuruka hadi Washington wazungumze kuhusu Vietnam. Johnson alimjibu, kwa muhtasari, kwamba yeye hamfundishi Wilson namna ya kuendesha mambo ya Malaysia, ambako Uingereza ilikuwa na maelfu ya askari dhidi ya Indonesia, basi na Wilson asimfundishe ya Vietnam. Kila mtu na vita vyake. Waswahili tumeambiwa kwamba ndugu wakipigana tuchukue jembe tukalime, na wakipatana tuchukue kikapu tukavune. Ila methali hiyo inawahusu ndugu wanaogombana wao kwa wao. Haisemi lolote kuhusu ndugu anayetoka nyumbani na panga kwenda kwa jirani, na anakupitia wewe mlangoni ufuatane naye.

Hapo ndipo swali la washirika lilipo. Wengi hulijadili kama suala la adabu: aseme au asiseme, aseme kwa sauti gani, aseme wapi. Mimi naona sauti ni jambo dogo. Kikubwa ni alichokishika mkononi wakati anasema, na kama yuko tayari kutokukitoa.

Walinganishe washirika watatu wa Marekani katika vita vilevile vya Vietnam. Kanada ilisema hadharani na haikupeleka jeshi. Malipo yake yalikuwa ule mkunjo wa shati na miaka michache ya ubaridi, lakini mkataba wa biashara ya magari ambao Pearson na Johnson walikuwa wameutia saini Januari 1965 huko Texas haukuchanwa. (Wakanada nao si malaika: viwanda vyao viliendelea kuiuzia Marekani zana za vita muda wote huo, na hilo Pearson hakulitolea hotuba.) Uingereza ya Wilson ilifanya kinyume. Ilitoa maneno ya kuunga mkono na kuficha lawama zake chumbani, ukiacha Juni 1966, Marekani iliposhambulia matangi ya mafuta karibu na Hanoi na Haiphong, ambapo Wilson alijitenga waziwazi na kitendo hicho. Askari, hata hivyo, hakutoa. Inasimuliwa kwamba Johnson alifika mahali pa kuomba hata kikosi kidogo cha wapiga zumari wa Kiskoti, mradi bendera ya Uingereza ionekane. Hakupewa.

Australia ilichukua njia ya tatu. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Harold Holt alisimama Washington akaahidi, kwa kuazima wimbo wa kampeni wa Johnson mwenyewe, kwamba nchi yake itakwenda naye mpaka mwisho wa safari. Na ilikwenda. Vijana wa miaka 20 waliandikishwa jeshini kwa bahati nasibu: vigololi vyenye tarehe za kuzaliwa vilitiwa ndani ya pipa, vikazungushwa, na ambaye tarehe yake ilitoka alijiandaa. Waaustralia wapatao 60,000 walitumika Vietnam na zaidi ya 500 hawakurudi.

Katika hao watatu, hakuna aliyevizuia vita. Hotuba ya Philadelphia haikupunguza hata bomu moja. Johnson alianza kuyapunguza Machi 1968, kwa sababu zake za nyumbani. Aliyesema kwa sauti, aliyenong'ona na aliyeitikia ndiyo, wote walikuwa sawa mbele ya uamuzi wa mkubwa. Walichotofautiana ni idadi ya makaburi. Mdogo akimkosoa mkubwa kwa kawaida hamzuii, ila anajizuia mwenyewe, na hiyo si faida ndogo. Wanaouliza ukosoaji wa Pearson ulisaidia nini wawaulize wazazi wa vijana wa Toronto ambao tarehe zao za kuzaliwa hazikutiwa katika pipa lolote.

Mkubwa anapomkosoa mdogo hesabu hubadilika kabisa, na mfano wake bora ulitangulia miaka tisa kabla ya Camp David. Oktoba 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli zilikubaliana kwa siri katika mji wa Sèvres kuivamia Misri, baada ya Gamal Abdel Nasser kuutaifisha Mfereji wa Suez. Washington haikuambiwa. Rais Dwight Eisenhower, akiwa katika wiki ya uchaguzi wake mwenyewe, hakumnong'oneza mtu. Marekani ilipeleka azimio la kusimamisha vita kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, likapita tarehe 2 Novemba kwa kura 64 dhidi ya 5, na Uingereza ikajikuta upande wa wale watano. Kilichoiumiza zaidi hakikuwa kura. Paundi ilikuwa inaporomoka, na Marekani ikakataa kuiokoa mpaka majeshi yaondoke. Tarehe 6 Novemba Uingereza ilisimamisha vita. Januari iliyofuata Waziri Mkuu Anthony Eden alikuwa nje ya madaraka.

Tazama Eisenhower alishika nini mkononi: mkopo. Maneno yake kuhusu sheria na haki yalikuwa mazuri, lakini yalisikika kwa sababu ya mkopo ule. Na washirika wawili waliokosolewa pamoja walijifunza masomo tofauti. Uingereza iliapa isitengane tena na Marekani katika jambo kubwa, nadhiri ambayo mwaka 2003 iliigharimu. Ufaransa ilijifunza kwamba rafiki wa namna hiyo hategemewi, ikatengeneza bomu lake la nyuklia, ikalijaribu jangwani Sahara mwaka 1960, na mwaka 1966 ikayaondoa majeshi yake katika uongozi wa pamoja wa NATO. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Jenerali de Gaulle alikwenda Phnom Penh, jirani kabisa na vita vya Vietnam, akaikosoa Marekani mbele ya umati uliojaa uwanja. Pearson kumbe alikuwa mwanafunzi mpole tu.

Desemba 1956, moshi wa Suez ukiwa bado haujatua, NATO ilipokea ripoti ya mawaziri watatu waliopewa kazi ya kutafuta namna washirika watakavyoacha kushtukizana. Walishauri kwamba nchi isikae ikaamua jambo zito halafu ndiyo iwape wenzake taarifa. Iwashirikishe kabla maamuzi hayajaganda. Mmoja wa mawaziri hao watatu alikuwa Lester Pearson, wakati huo waziri wa mambo ya nje. Aliyekunjwa shati mwaka 1965 alikuwa anaitekeleza ripoti yake mwenyewe.

Katika kambi ya Mashariki mambo yalikuwa mafupi zaidi. Agosti 1968 majeshi ya Mkataba wa Warsaw yalipoingia Chekoslovakia, Nicolae Ceaușescu wa Romania hakupeleka hata askari mmoja, na tarehe 21 aliulaani uvamizi huo akiwa juu ya roshani, umati wa Bucharest ukimshangilia. Nchi yake ilibaki ndani ya mkataba ule mpaka ulipovunjwa mwaka 1991. Magharibi walimpenda ghafla, na mwaka uliofuata Rais Nixon alimtembelea. Huyuhuyu ndiye aliyewatawala Waromania kwa polisi wa siri hadi walipompiga risasi mwaka 1989. Ukosoaji wa kweli unaweza kutoka katika kinywa kichafu.

Nadhiri ya Uingereza iliiva Iraq. Tarehe 28 Julai 2002 Tony Blair alimwandikia Rais George W. Bush barua ya siri iliyoanza kwa kumhakikishia kwamba atakuwa naye liwalo na liwe. Baada ya ahadi hiyo ndipo zikafuata nasaha: tupitie Umoja wa Mataifa, tuwashawishi Waarabu, tujiandae kwa siku itakayofuata ushindi. Nasaha zenyewe zilikuwa na busara, na ya kwanza ilisikilizwa kwa kiasi fulani, maana Bush alikwenda Umoja wa Mataifa. Lakini mtu akishaambiwa kwamba utakuwa naye kwa vyovyote vile, ana haja gani ya kusikiliza kinachofuata? Wilson alinong'ona akawabakiza askari wake nyumbani. Blair alinong'ona akapeleka askari wapatao 46,000. Kwa nje mbinu ilikuwa ileile ya faragha, ila mmoja alizuia kitu na mwingine hakuzuia. Waingereza 179 waliovaa sare walikufa Iraq, na Wairaki waliokufa ni makumi kwa makumi ya maelfu.

Tume iliyoongozwa na Sir John Chilcot ilichunguza jambo hilo kwa miaka saba na Julai 2016 ikatoa ripoti ya juzuu 12. Katika kurasa hizo zote, kuna hitimisho moja ambalo ningelibandika ukutani katika kila wizara ya mambo ya nje: uhusiano wa Uingereza na Marekani umeonekana kwa miaka mingi kuwa na nguvu ya kubeba kutokubaliana kwa uaminifu, na hauhitaji kuungwa mkono bila masharti pale maslahi au maoni yanapotofautiana. Ushahidi ulikuwa palepale. Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki lilipiga kura kuhusu kuwaruhusu askari wa Marekani kuishambulia Iraq kutoka kaskazini. Waliosema ndiyo walikuwa 264 na waliosema hapana 250, lakini 19 hawakuunga mkono upande wowote, na idadi iliyohitajika haikufikiwa. Milango ya kaskazini ikabaki imefungwa. Kanada nayo ilitangaza tarehe 17 Machi kwamba haitashiriki. Ufaransa ilipinga ndani ya Baraza la Usalama, na adhabu yake kubwa iliyokumbukwa ni kwamba migahawa ya Bunge la Wawakilishi la Marekani ilikibadilisha jina chakula kiitwacho chipsi za Kifaransa kikawa chipsi za uhuru. Nchi zote tatu bado zimo NATO.

Mambo haya si mapya. Herodotus anasimulia kwamba karibu mwaka 506 kabla ya Kristo, Sparta iliwakusanya washirika wake kwenda kuipiga Athene. Walipofika Eleusis, Wakorintho walisema jambo lile si la haki, wakageuka wakarudi kwao. Msafara ukavunjika. Baadaye Sparta iliwaita tena washirika, safari hii ikitaka kumrudisha Athene dikteta aliyefukuzwa, Hippias. Mkorintho mmoja aitwaye Socles akasimama akaeleza kinagaubaga mji wake ulivyoteseka chini ya madikteta, wengine waliokuwa wamenyamaza wakamwitikia, na mpango ukafa. Kwa kuwa Sparta ilitegemea mikuki ya washirika, washirika walikuwa na cha kuzuia.

Lakini msifuate Korintho kama kipofu. Mwaka 432 kabla ya Kristo Wakorintho haohao walikwenda Sparta kuikosoa tena, sasa wakiilaumu kwa uzito na woga, na kutishia kutafuta washirika wengine kama haitapigana na Athene. Sparta ikasikia. Vita vilivyofuata vilidumu miaka 27 na kuwamaliza Wagiriki wote, washindi na walioshindwa. Mwanahistoria Thucydides ametuachia hotuba zenyewe, na ukizisoma utaona mshirika anayekosoa si lazima awe mpenda amani. Wapo wanaoikosoa sera ya rafiki kwa sababu haijamwaga damu ya kutosha.

Katika mapokeo ya Kiislamu, ambayo pwani yetu imeyanywa kwa karne nyingi, jambo hili limewekwa wazi kuliko Athene na kuliko NATO. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika mkusanyiko wa Bukhari, kwamba Mtume aliagiza mtu amnusuru ndugu yake akiwa ni mwenye kudhulumiwa au ni dhalimu. Wakamuuliza: aliyedhulumiwa tunaelewa, huyu dhalimu tunamnusuru vipi? Akawajibu kwamba kumzuia asidhulumu ndiyo kumnusuru. Na sura ya Al-Hujurat, aya ya 9, inakwenda mbali zaidi: makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe, na moja likiendelea kulionea jingine, lipigwe hilo mpaka lirejee. Hapa udugu haufutwi na kosa, ila unatwika jukumu la kumzuia mkosaji. Sijui mkataba wowote wa kijeshi wa zama zetu wenye kifungu kizito namna hiyo.

Sira ya Mtume yenyewe ina mfano wa walioshindwa kumzuia mshirika. Mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra, uliyaacha makabila yachague upande: Khuzaa wakaingia upande wa Mtume, Banu Bakr upande wa Makureshi. Baada ya kama miaka miwili Banu Bakr waliwavamia Khuzaa usiku, kisasi cha zamani, na baadhi ya Makureshi badala ya kuwazuia wakawapa silaha. Mkataba ukawa umevunjika kwa vita ambavyo havikuwa vya Makureshi hata kidogo. Abu Sufyan alifunga safari hadi Madina kujaribu kuuweka viraka, akarudi mikono mitupu. Makka ikafunguliwa mwaka wa nane.

Tukija kwetu, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulizaliwa Addis Ababa Mei 1963 ukiwa na kanuni ya kutoingiliana kama nguzo. Kanuni hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mataifa machanga, mipaka iliyochorwa na wageni, majirani wenye makabila yaleyale pande zote mbili: ungeruhusu kila mmoja amkosoe mwenzake na bara lingeungua. Tatizo ni kwamba kanuni iliyokusudiwa kuzilinda nchi iligeuka upesi kuwa kinga ya watawala.

Mwalimu Nyerere aliliona mapema na aligharimika. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikaukosa mkopo wa paundi milioni 7.5. Aprili 1968 ikaitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, kinyume na msimamo wa OAU na kwa kuikasirisha Nigeria. Mwaka 1975 OAU ilipoamua kufanyia mkutano wake Kampala na kumpa Idi Amin uenyekiti, Tanzania ilikataa kuhudhuria, ikasema wazi kwamba Afrika haiwezi kulaani mauaji yanayofanywa na makaburu kusini halafu ikanyamaza muuaji akiwa mweusi. Unaweza kubishana na uamuzi wa Biafra, na mimi mwenyewe nina mashaka nao. Ila huwezi kusema mtu huyu alikosoa bila kulipa.

Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka. OAU, ikiongozwa mwaka huo na Rais Nimeiry wa Sudan, ikaja na usuluhishi. Nyerere alitaka kwanza uvamizi ulaaniwe. Umoja haukuulaani.

Na hapa ndipo ile hadithi ya Anas inaponirudia, kwa sababu Amin alikuwa na rafiki wa kweli: Muammar Gaddafi. Rafiki huyu hakumwambia atoke Kagera. Alimpelekea askari na silaha, akaitishia Tanzania, na Machi 1979 Walibya walikutana na wanajeshi wetu Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Walikufa kwa mamia katika vita vile, vijana waliochukuliwa kutoka jangwani hadi kwenye vinamasi vya Ziwa Viktoria kumlinda mtu ambaye wananchi wake wenyewe hawakumtaka. Gaddafi alishika nusu ya agizo, ile ya kumnusuru ndugu, na akaisahau ile inayoeleza namna. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na Amin akakimbilia Libya.

Julai 1979 wakuu wa nchi walikutana Monrovia. Sasa OAU iliupata ulimi. Nimeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa kuvuka mpaka na kumwondoa rais wa nchi mwanachama. Hoja yao ilikuwa na uzito wake. Nani angependa desturi ya majirani kubadilishana marais kwa vifaru? Hata kuondoka kwetu Uganda kulichelewa, na yaliyofuata huko hayakuwa mazuri. Lakini Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, aliwauliza walikuwa wapi miaka minane ile ya mauaji. Waliomkosoa Nyerere hawakuwa wamezuia chochote wakati wa Amin: si uenyekiti, si mialiko, si silaha. Ilikuwa rahisi kumlaumu yule aliyekwisha kulipa, ambaye wananchi wake waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18 na wakaifunga kwa miaka.

Kutokana na aibu kama hizo, Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 iliandikwa kwa namna ya ajabu kidogo. Ibara ya 4 inakataza nchi mwanachama kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na mstari unaofuata unaupa Umoja haki ya kuingilia kukiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kanuni ya Addis Ababa na kilio cha Binaisa vimekalishwa kwenye ukurasa mmoja, bega kwa bega.

Basi tuone jinsi tunavyofanya sisi wenyewe, leo. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameripoti mara kadhaa kwamba wanajeshi wa Rwanda walikuwa pamoja nao. Rwanda wakati huo ilikanusha kuwasaidia na kusema inajilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na hofu hiyo si ya kubuni. Rwanda na Kongo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichokuwa kikiisaidia Kongo walikuwamo Watanzania, pamoja na askari wa Afrika Kusini na Malawi. Kwa hiyo nchi za jumuiya moja zilikuwa pande mbili za mtutu, na raia walioukimbia mji ule walikuwa wanapeana habari za njia kwa Kiswahili.

Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya na wa SADC walikutana Dar es Salaam. Rais Kagame wa Rwanda alikuwapo, Rais Tshisekedi wa Kongo akashiriki kwa video. Tamko la pamoja lilidai vita visimame mara moja, likawapa wakuu wa majeshi siku tano wakutane, likataka mazungumzo na M23, na likagusia kuondoka kwa majeshi ya kigeni ambayo hayakualikwa Kongo. Majeshi ya nani? Tamko halisemi. Haikupita wiki mbili, Bukavu nayo ilikuwa imeanguka.

Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama mjini New York lilipitisha azimio namba 2773 kwa kura zote 15. Azimio hilo liliitaja Rwanda kwa jina, likaitaka iache kuisaidia M23 na iondoe jeshi lake Kongo bila masharti. Mmoja wa waliopiga kura ya ndiyo alikuwa Somalia, ambayo ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya yetu huko Arusha Novemba 2023. Jina ambalo jumuiya nzima haikuweza kulitamka Dar es Salaam, mwanachama wake mchanga alilitamka New York.

Utetezi ninaousikia ni kwamba Dar es Salaam kulihitajika kumweka Kagame mezani, na ukimtaja mtu jina mbele ya watu anainuka na kuondoka. Nakubali. Wilson angekubali pia. Basi kama jina halikutajwa, nini kilizuiwa? Si soko, si njia, si kiti cha kikao chochote, wala siku moja ya itifaki. Adabu iliyotumika Dar es Salaam ilikuwa ya Wilson, ila mkono ulikuwa wa Blair, umefunguka wote.

Na wala si kwamba Jumuiya haina cha kushika. Mkataba wa kuianzisha unataja ujirani mwema na kumaliza migogoro kwa amani miongoni mwa misingi yake mikuu. Unaruhusu kumsimamishia uanachama anayeikiuka misingi hiyo. Na wanasheria walioutunga walijua kwamba Jumuiya huamua kwa kauli moja, hivyo wakaongeza kifungu kinachosema kuwa katika uamuzi wa namna hiyo maoni ya nchi inayojadiliwa hayahesabiwi. Hakuna nchi mwanachama iliyowahi kusimamishwa.